Usimpige ndege usiyeweza kumfikia kwa kisu

Jioni moja baada ya swala ya Alasiri niliwasimulia wenzangu barazani jinsi nilivyofuatana na mpwa wangu kwenda kuwinda bata huko Uingereza, na kabla kahawa haijazunguka mara ya pili baraza lilikwisha gawanyika. Wazee walisema kuwinda bata kwa bunduki ni mchezo wa wazungu na Mwislamu hana haja nao. Vijana nao wakasema bata ni halali, bunduki ni chombo tu, na mtu akitaja jina la Mwenyezi Mungu akafyatua, yaliyobaki ni wasiwasi. Mimi sikukubaliana na upande wowote. Na kwa kuwa barazani hakuna amwachaye mwenzake amalize maneno yake, nimeona heri niyaandike hapa.

Mpwa wangu anakaa mji wa Leicester. Kazini kwake amefanya urafiki na Mwingereza mmoja mzee, mtu mpole, ambaye tangu utotoni huwinda katika ghuba iitwayo The Wash, upande wa mashariki wa nchi ile. Kijana akavutwa naye. Akaomba cheti cha polisi cha kuweka bunduki ya marisaa, akajiunga na chama cha wawindaji, maana huko mtu hachukui bunduki akajiingilia pwani apendavyo. Vyama hivyo hukodi ufuo, vikaweka mipaka na masharti yao. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Septemba. Bara hufungwa tarehe 31 Januari, na kule ufuoni, chini ya alama ya maji makuu, huendelea hadi tarehe 20 Februari. Lakini wajuzi hungoja Novemba, wakati majani ya miti yamekwisha pukutika na baridi imewasukuma ndege wa kaskazini kushuka.

Na ndege wenyewe si bata hawa wa kufugwa tuwajuao. Sisi tunamjua bata bukini wa uani, yule mkali afukuzaye watoto na kuwauma visigino, na jina lake bado linatukumbusha Bukini, kama wazee wetu walivyokiita kisiwa cha Madagascar. Wale wa The Wash ni bukini wa mwitu, wadogo kidogo, wenye miguu ya rangi ya waridi. Hutaga Iceland na Greenland, na ikifika Septemba wanaivuka bahari kwa mamia ya maelfu kuja kupitisha baridi Uingereza. Usiku hulala matopeni katikati ya ghuba ambako hakuna awafikiaye. Alfajiri huruka kwenda mashambani kula mabaki ya viazisukari vilivyokwisha vunwa. Mwindaji hulala katikati ya njia hiyo, baina ya tope na shamba, akangoja wapite juu yake.

Tuliondoka Leicester saa tisa za usiku. Sikushika bunduki, kwa kuwa sina cheti, na macho yangu hayalengi tena hata sindano. Kazi yangu mpwa wangu alikuwa amekwisha nipangia. "Mjomba," aliniambia, "wewe utakuwa mchinjaji." Kisu chenyewe kilifungwa ndani ya mfuko wa bunduki pamoja na vibali vyote, maana huko mtu kutembea na kisu barabarani bila sababu ya maana ni kujitafutia kesi.

Mpwani yeyote angefika mahali pale angepajua, ingawa baridi yake ni ya kukata masikio. Ni tope na vijito na majani ya chumvi hadi macho yanapokoma. Mzee Mwingereza alikuwa na jedwali la maji mfukoni, akalitazama mara mbili kwa tochi kabla ya kutuvusha ukuta wa bahari. Alikuwa na haki ya kuogopa. Wakati wa bamvua maji ya The Wash hupanda zaidi ya mita sita, jambo ambalo sisi wa Mombasa hatulijui, na hayaji kwa mbele kama jeshi, bali hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako. Unadhani uko nchi kavu kumbe umekwisha kuzungukwa. Tukajilaza ndani ya kijito kikavu, sisi watatu na mbwa mweusi wa mzee.

Bata wa kwanza alikuja peke yake kabla ya jua, wa aina ile ambayo dume lake hupiga mluzi. Mpwa wangu alisema Bismillahi akampiga akiwa karibu, hatua ishirini na tano hivi. Akaanguka katika maji ya mkondo. Mbwa alimfuata, akarudi naye mdomoni, na bata alikuwa hai, kichwa kimesimama, macho yanatutazama. Nilimpokea haraka. Sasa kibla. Sisi tuliozoea Mombasa, ambako Makka iko kaskazini moja kwa moja, hupotea kabisa ugenini. Lakini mpwa wangu alinionyesha kwamba katika mwezi wa Novemba kibla cha pale kiko karibu kabisa na mahali jua linapochomoza. Basi nikaelekea kwenye ule wekundu, nikamchinja. Damu ilikuwa na moto mikononi mwangu kuliko kitu chochote nilichogusa asubuhi ile.

Ndugu mmoja barazani alinikatiza hapa: "Na mate ya mbwa je?" Swali zuri. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mdomo wa mbwa ni najisi, na hilo halikufutika kwa kuwa mbwa ni hodari. Lakini tusisahau kwamba Qurani yenyewe, katika Suratul Maida, imeruhusu mawindo ya wanyama waliofundishwa kuwinda. Ruhusa ipo, na usafi upo. Bata yule alioshwa mara saba jikoni kwa mke wa mpwa wangu, moja yake kwa udongo, na udongo wenyewe mama huyo aliuchota kwenye chungu cha maua dirishani huku akinung'unika kwamba wanaume hawakosi njia ya kumwongezea mtu kazi.

Tatizo lilikuja na bata wa pili. Huyu naye alipigwa vizuri, akaanguka mkondoni, lakini mbwa alipomleta alikuwa amekwisha kufa. Hakuwa na jeraha la kuonekana ila tone la damu chini ya bawa. Mpwa wangu akaniangalia. "Mjomba, nilitaja jina la Mungu." Nikamwambia najua, nilikusikia. "Basi?"

Mimi si sheikh, na msomaji asinichukulie kuwa ninatoa fatwa. Lakini nilijifunza kidogo chuoni, na jambo hili lilikwisha semwa zamani kabla ya bunduki kuwako. Adi bin Hatim, sahaba aliyependa kuwinda, alielekezwa na Mtume (S.A.W.) kwamba akikuta mawindo yake yamezama majini asiyale, kwa sababu hajui kama kilichoua ni mshale wake au ni maji. Mbali na maji, kuna habari ya chombo chenyewe. Wanazuoni wetu wa Shafi wametaka kitu kinachoua kiue kwa makali yake, si kwa uzito wa pigo lake. Katika vitabu vya zamani neno bunduki, lile lile tulilolirithi sisi kwa Kiarabu, lilikuwa tembe za udongo zilizorushwa kwa upinde, na mawindo yaliyokufa kwa tembe hizo hayakuliwa isipokuwa yakidirikiwa hai na kuchinjwa. Risasi ya baruti ilipokuja, wanazuoni wakahitilafiana. Wako waliosema inatoboa na kumwaga damu, basi ni kama mshale. Wako waliosema nguvu yake ni ya kugonga tu. Hitilafu hiyo ipo mpaka leo, na anayefuata kauli ya kuruhusu simlaumu. Ila bata yule alikuwa na shaka mbili kwa pamoja, shaka ya marisaa na shaka ya maji. Nikasema hatumli. Mzee Mwingereza akapewa yeye. Alishangaa, akashukuru, lakini mpwa wangu hakusema nami kwa muda wa nusu saa.

Kisha wakaja bukini. Kwanza tukawasikia. Siwezi kulieleza vizuri lile sauti kwa mtu asiyepata kulisikia. Ni kama soko zima linalosogea angani, na kila muuzaji anaita. Wakapita makundi kwa makundi, mistari juu ya mistari, mbingu ya mashariki imekuwa nyekundu nao ni weusi. Mzee hakuinua bunduki. Alikuwa ametufundisha kipimo chake, kwamba zaidi ya hatua arobaini usipige, na wale walikuwa juu mno. Lakini kijana alikuwa na hasira ya bata wake aliyekataliwa, na damu ilikuwa imemchemka. Akasimama akafyatua mara mbili.

Bukini mmoja aliyumba. Hakuanguka. Aliteremka polepole, bawa moja limelegea, akaenda kutua mbali matopeni, ng'ambo ya mkondo mkubwa. Maji yalikwisha kuanza kuingia. Mbwa alitaka kwenda, mzee akamzuia kwa neno moja, kwani mkondo ule ungemchukua. Tulimwona ndege akisimama, akijaribu kutembea, akiita. Na mmoja katika kundi akageuka, akarudi peke yake, akazunguka juu yake akiitikia. Ndege hawa hushikamana wawili wawili kwa miaka, mume na mke. Alizunguka hata sikuweza kutazama tena. Mzee akatuambia saa ya kuondoka imefika, na hakusema jingine, wala hakumkaripia kijana. Nadhani kukaripiwa kungekuwa nafuu kwake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wazee wa barazani wanasema kuwinda huku ni mchezo. Nami siwezi kukana kwamba mpwa wangu anakwenda kwa raha. Nyama anayo dukani, tena ya mchinjaji Mwislamu, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Lakini raha peke yake haiharamishi kitu. Mvuvi wa Lamu naye ana raha ya kutupa mshipi, na hakuna amwambiaye aache. Ndege akipatikana, akachinjwa, akaliwa na watu wa nyumbani, raha ile imeandamana na riziki, na sioni la kumlaumu mtu. Ndege anapopotea amevunjika bawa, riziki haipo. Kinachobaki katika kitendo kizima ni ile raha peke yake. Imepokewa kwamba Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga, akawaonya kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayefanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Vijana wale walikuwa na ndege aliyefungwa kamba. Je, ndege anayeruka mahali ambapo huwezi kumfuata, tofauti yake ni nini? Kwa mpigaji naona wote wawili ni shabaha tu.

Kwa hiyo vijana wanaoniambia Bismillahi inatosha nawaambia haitoshi. Kabla ya kuinua bunduki, mtu ajiulize: nikimpiga huyu, mkono wangu utamfikia akiwa bado ana roho? Ikiwa yuko juu mno, au nyuma yake kuna mkondo, au giza limeingia na mbwa hayupo, amwache apite. Ukifuata hivyo utapiga wachache sana, najua. Wengine waliniambia kwamba kwa sharti hilo heri kutokwenda kabisa. Nami nikawajibu, basi usiende.

Na wala si sharti la Waislamu pekee, ingawa sisi tuna sababu zaidi ya kulishika. Katika pwani ile ile ya The Wash, penye mlango wa mto Nene, upo mnara alimoishi Peter Scott miaka ya 1930, mchoraji na mwindaji wa bukini aliyejulikana nchi nzima, mtoto wa yule Kapteni Scott aliyefia katika barafu ya kusini. Aliandika vitabu juu ya ndege hao na kuwaua kwa wingi. Mwaka 1946 alianzisha huko Slimbridge shirika la kuwatunza, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa waasisi wa shirika la WWF. Bunduki aliiacha. Mwenyewe alisimulia kwamba miongoni mwa mambo yaliyomgeuza ni bukini aliyejeruhiwa akabaki kwenye tope lisilofikika, na kesho yake bado alikuwa hai pale pale. Mzee wetu ndiye aliyenieleza habari hiyo tukiwa garini, taratibu, bila kumtazama mpwa wangu.

Sheria ya Uingereza nayo imesogea upande huo kidogo kidogo. Bukini wa mwitu aliyeuawa haruhusiwi kuuzwa, ili asiwindwe kwa tamaa ya fedha. Na tangu mwaka 1999 England imekataza kuwapiga bata na bukini kwa marisaa ya risasi. Hapa lugha yetu inatusaidia kuelewa, kwani kwetu risasi ni kitu kinachotoka kwenye mtutu na pia ni jina la madini yenyewe. Chembe zilizokosa shabaha zilizama topeni mwaka baada ya mwaka, bata wakazimeza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula tumboni, wakafa kwa sumu bila ya kuguswa na mwindaji yeyote. Leo hutumia marisaa ya chuma na ya madini mengine. Marekani iliwatangulia, ikakataza risasi katika uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991.

Msomaji wa Kilifi au Tana River atauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Kwetu uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na simwambii mtu yeyote atoke na bunduki. Lakini ndege wanatujia. Upepo wa kaskazi unapoanza, bata wa Ulaya na Asia hushuka hadi maziwa ya Bonde la Ufa na mabwawa ya delta ya Tana, ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye thamani duniani. Wengi wao wamekwisha pita juu ya bunduki nyingi kabla ya kufika kwetu. Na hata pasipo bunduki sisi si malaika. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa nchi, iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakiwaua ndege wa majini kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan na kuiuza nyama. Mtu akimwokota ndege aliyelewa sumu akamchinja, kisu kimepita shingoni na damu imetoka, na aliyemnunua anadhani amepata kitoweo. Yule naye amechukua kisu akaacha uwindaji, kama vile vijana wetu wanavyotaka kuchukua uwindaji na kuacha kisu.

Bata wetu mmoja alipikwa jioni ile kwa nazi ya kopo, watu watano tukamla, kila mmoja akapata kipande cha kutosha ulimi tu. Nyama yake ni nyeusi na ina harufu ya bahari. Katikati ya kula mpwa wangu alisema, bila kuulizwa na mtu, kwamba maji makuu ya siku ile yalikuwa saa tatu kasorobo. Nilielewa alikuwa akihesabu yule bukini alipata muda gani.

Msimu uliofuata aliniandikia kwamba amekwenda mara nne na kufyatua mara moja tu. Mzee wake anamtania kwamba amekuwa mtazamaji wa ndege. Mbwa bado hana, kwa sababu mkewe ameapa kwamba siku mbwa aingiapo nyumbani, yeye atatoka. Kisu changu nilimwachia.